Ni Nani Anayejipikia?

Katika lugha yetu ya Kiswahili kuna kiambishi kidogo, chenye herufi mbili tu, ambacho kimeficha mambo makubwa. Kiambishi hicho ni "ji". Mtu akijisifu, anayesifu na anayesifiwa ni yule yule. Akijikata, mwenye kisu na mwenye jeraha ni mmoja. Sasa basi, watu wawili wakipanga nyumba ya kujipikia, je, anayepika na anayepikiwa ni mmoja? Swali hili sikuwa nalo nilipoondoka Karagwe kwenda Pangani kwa mapumziko. Nilirudi nalo, na ndilo linalonisukuma kuandika maneno haya kuhusu nyumba tuliyokaa siku sita mimi na mke wangu. Sitaitaja jina nyumba hiyo, wala mwenyewe, kwa sababu kasoro nitakazozieleza si zake peke yake. Nyingine ni za desturi nzima ya nyumba za namna hii, na nyingine, kama msomaji atakavyoona, ni zangu mimi mwenyewe.

Kwanza nieleze ni nyumba ya namna gani. Si hoteli, maana hakuna mpishi wala mhudumu. Si nyumba ya wageni kama zile za Kayanga au Omurushaka, ambako mtu hulala na asubuhi akapewa chai na chapati. Ni nyumba kamili, yenye vyumba, sebule na jiko, ambayo mgeni huilipia kwa siku au kwa wiki, akapewa funguo, akajinunulia chakula sokoni na kupika mwenyewe. Desturi hii imeshamiri sana Uingereza. Huko, miji midogo ya bandari iliyo kwenye midomo ya mito, kama Dartmouth, Fowey na Whitby, ina nyumba nyingi za namna hii, na baadhi yake ni nyumba za kale walimoishi wavuvi na mabaharia. Familia huja na masanduku yao, wakakaa juma moja wakitazama mashua zikipanda na kushuka na maji, kisha wakafagia, wakarudisha funguo na kwenda zao. Siku hizi mtindo huo umefika kwetu, na pwani ndiko unakoonekana zaidi.

Pangani ni mji unaostahili kutazamwa kwa namna hiyo. Mto uliozaliwa kwa maji ya Kilimanjaro na Meru unaishia hapo, mpana na wa rangi ya udongo, ukiingia baharini kati ya mji wenyewe na kijiji cha Bweni kilicho ng'ambo. Kivuko huenda na kurudi mchana kutwa, kikibeba watu, baiskeli, magunia na magari. Kuna nyumba za kale, nyingine zimeanza kubomoka, na kuna kumbukumbu nzito pia. Mji huu uliona biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya kuwapinga Wajerumani mwaka 1888, aliponyongwa Desemba 1889. Mtu wa Karagwe, aliyezoea mto Kagera ukipita kimya kati ya vilima kwenye mpaka wetu na Rwanda na Uganda, hushangaa kuuona mto unaoupisha mji wa namna hiyo kabla ya kuzama baharini.

Mtoto wetu anayefanya kazi Tanga ndiye aliyetupangia nyumba hiyo kwa simu. Alituambia, "Baba, mama, safari hii mkapumzike." Tulisafiri kwa mabasi, tukalala njiani, tukafika tumechoka na vumbi limetujaa. Funguo tulipewa na mlinzi, kijana mwenye adabu aliyetuamkia vizuri, akatuonyesha swichi za taa na bomba la maji, kisha akarudi getini. Mwenye nyumba anaishi mbali. Hatukumwona uso siku zote sita.

Haki itendeke. Nyumba ile ina mazuri yake, na mkosoaji asiyeyataja hana tofauti na mgomvi. Baraza lake linatazama mto. Jioni upepo wa bahari hupita humo, na mtu akiketi pale huona mashua za wavuvi zikirudi moja moja na kusikia sauti za watu wakiitana kutoka ng'ambo. Vitanda vilikuwa safi na vyandarua havikuwa na matundu. Tulilala na kuamka kwa saa tulizotaka. Hakuna aliyetugongea mlango kuuliza kama tutakula kuku au samaki. Tena bei yake kwa siku ilikuwa chini ya ile ya hoteli tulizouliza. Siku mbili za kwanza niliisifu nyumba kwa sauti, na kila niliposifu mke wangu alinyamaza. Nilidhani ameridhika.

Tatizo lilikuwa jikoni, na jiko ndilo kipimo cha nyumba inayojiita ya kujipikia. Jiko lile lilipangwa na mtu asiyepika. Palikuwa na bilauri nane za mvinyo, zimeng'arishwa vizuri. Sufuria zilikuwa mbili tu, na kubwa kati yake isingetosha maharage ya watu wanne. Kisu kilikuwa kimoja, butu kiasi cha kuponda nyanya badala ya kuikata. Mwiko haukuwapo, kinu hakikuwapo, na jiko la gesi lilikuwa na mtungi mdogo uliokwisha siku ya pili, wakati maharage tuliyotoka nayo Karagwe hayajaiva hata nusu. Ukutani palibandikwa karatasi yenye masharti kumi na mawili: mgeni aoshe vyombo, mgeni atoe takataka, mgeni asikaange samaki madirisha yakiwa yamefungwa. Karatasi nzima haikuwa na neno "karibu".

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa sebuleni. Juu ya kochi, katikati ya picha ya jahazi na kawa lililosukwa kwa ukili, palitundikwa mbuzi ya kukunia nazi. Ilikuwa mbuzi halisi, ya mti, meno yake ya chuma yakiwa bado makali. Ilitundikwa kwa misumari miwili, kama pambo. Yaani chombo pekee cha jikoni ambacho mpishi wa Pangani hawezi kukikosa kilikuwa kimepandishwa ukutani ili mgeni akitazame, na huku chini mgeni huyo huyo anatakiwa ajipikie.

Kwetu Karagwe mambo haya yana historia, na wala sihitaji kwenda mbali kuipata. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipita hapo hapo Pangani wakipanda kuelekea Usambara. Miaka michache baadaye Speke alirudi Afrika pamoja na James Grant, na Novemba 1861 wakaingia Karagwe, wakafika kwa Mukama Rumanyika kule Bweranyange. Msafara wa siku zile ulikuwa, kwa lugha ya leo, msafara wa kujipikia. Ulibeba vitambaa, shanga na waya, na kila ulipofika ulinunua chakula chake na kulipa hongo kwa mwenye nchi. Huko Usui, kabla ya kufika kwetu, Speke alidaiwa hongo mpaka akachoka. Lakini katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 anaeleza kwamba alipovuka na kuingia Karagwe mambo yaligeuka. Wakuu wa vijiji walikuwa wameamriwa wawape wasafiri chakula kwa gharama ya mfalme, na wageni hawakutozwa kodi. Wapangaji waligeuzwa kuwa wageni.

Faida ya kuwa mgeni ilionekana zaidi kwa Grant. Aliugua mguu vibaya, hakuweza kutembea. Speke alipoondoka Januari 1862 kwenda Buganda, alimwacha mwenzake mikononi mwa Rumanyika, na Grant alikaa huko mpaka Aprili. Jiulize, ndugu msomaji, mtu aliyepanga nyumba yenye funguo na karatasi ya masharti akiugua mguu, nani atamletea uji? Mpangaji ana haki ya kukaa mpaka siku aliyolipia. Mgeni ana haki ya kuuguzwa.

Sisemi kwamba wageni wale walikuwa na adabu kila siku. Ziwa letu dogo lililo karibu na Bweranyange walilifananisha na ziwa la kwao la Windermere, wakaliita Windermere Ndogo, kana kwamba halikuwa na jina. Tena Speke alifikia hatua ya kumpima kwa utepe mwanamke wa ukoo wa mfalme, mmoja wa wale walionenepeshwa kwa maziwa, akaandika vipimo vyake kitabuni. Mwenyeji alivumilia, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Hata hivyo, nimekuwa nikiwasimulia vijana habari za ukarimu wa Rumanyika kwa fahari, na kule Pangani, siku ya tatu, nilimsimulia mke wangu pia. Nilikuwa nimeketi barazani. Yeye alikuwa jikoni, akipambana na kile kisu.

Siku hiyo hiyo tulipigiwa hodi. Alikuwa mama wa nyumba ya jirani, mtu mzima kama sisi, amejifunga kanga, mkononi ana bakuli lililofunikwa sahani. Alisema ameona moshi, maana gesi ilipokwisha mlinzi alituazima jiko la mkaa, akajiuliza ni wageni gani hao wanaopika uani badala ya kwenda hotelini. Ndani ya bakuli mlikuwa na samaki wa mchuzi wa nazi. Mke wangu alimkaribisha sebuleni. Yule mama aliinua macho, akaiona mbuzi ukutani, akacheka mpaka akaketi.

"Mwenzangu," akamwambia mke wangu, "mbuzi mmeiangika, nazi mnakunia wapi?"

Mke wangu akamjibu kwamba sisi ni watu wa ndizi na maharage, tunatoka Karagwe, na hajapata kukuna nazi kwa mbuzi maishani mwake. Basi yule mama alipanda juu ya kochi, akaing'oa mbuzi pale ukutani, wakaenda nayo uani. Nilisikia vicheko saa nzima. Alimfundisha jinsi ya kuketi, jinsi ya kuzungusha kifuu ili meno yasifikie ganda, na jinsi ya kutenga tui la kwanza na la pili. Naye mke wangu akamtolea akamwani, ile kahawa yetu iliyochemshwa na kukaushwa, ambayo kwetu humtangulia mgeni kabla ya chakula. Yule mama alidhani ni ya kutwanga, akauliza kinu kiko wapi. Alipoambiwa itafunwe, alitafuna punje moja, akakunja uso, akasema, "Haya, na sisi yetu tunainywa."

Kwa maoni yangu, saa ile ndiyo iliyokuwa mapumziko yetu ya kweli, na haikuwamo katika bei. Nyumba haikuituletea, ililetwa na jirani aliyeona moshi. Lakini hapo nilifanya haraka kufunga hoja yangu. Usiku huo nilimwambia mke wangu, "Unaona? Ndivyo ninavyosema siku zote. Nyumba isiyo na mwenyeji ni banda tu. Ukarimu ndio kila kitu."

Alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. Akasema, "Mzee, wewe uko likizo. Mimi nimehama jiko tu."

Sikuwa na jibu. Nilihesabu kimya kimya. Tangu tufike, milo yote alikuwa amepika yeye, kwa kisu butu na sufuria ndogo, katika jiko asilolijua, kwa vyakula vya soko asilolizoea. Alikuwa ameosha vyombo vyote kama karatasi ya ukutani ilivyoagiza. Mtoto wetu alisema tukapumzike wote wawili. Neno "kujipikia" nilikuwa nimelisoma kana kwamba linatuhusu sote, kumbe katika nyumba yetu ile "ji" yote ilikuwa yeye.

Ndipo nilipoanza kuitazama upya hata hadithi yangu ya Rumanyika. Chakula kilitolewa kwa gharama ya mfalme. Ndivyo Speke alivyoandika, na ndivyo nilivyokuwa nikisimulia. Lakini mfalme hamenyi ndizi. Zile ndizi zilikatwa, zikabebwa, zikamenywa na kupikwa na watu wa vijijini ambao kitabu hakikuwataja, na yeyote aliyekulia Karagwe anajua kwamba katika watu hao wengi walikuwa wanawake. Wageni waliokula walimshukuru mfalme. Wapishi hawakuulizwa kama wana nafasi. Ukarimu niliousifu miaka yote ulikuwa wa kweli, tena mkubwa, lakini nilikuwa nikiusifu kutoka barazani. Mimi na Speke tulikuwa tumeketi upande mmoja wa mlango wa jiko.

Kesho yake nilisema nitapika mimi. Sitajisifu, maana matokeo hayaruhusu. Nilikwenda sokoni nikanunua samaki kwa bei ambayo yule mama jirani, alipoisikia, aliihurumia. Nilimparua samaki vibaya, magamba yakanirukia mpaka kwenye miwani. Wali uliungua chini na juu ukabaki mbichi. Nazi nilikuna, na kidole changu kimoja kilibaki na alama. Mke wangu alikuwa ameketi barazani akitazama kivuko kikienda Bweni na kurudi. Nilipomletea sahani alikula bila kutoa maoni, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. Alisema kwamba mto ule, tangu tufike, hakuwa amepata nafasi ya kuutazama.

Siku mbili zilizobaki tulipika kwa zamu. Zamu zangu zilikuwa mbaya kuliko zake, lakini zilikuwa zangu.

Sasa nitoe hukumu, maana msomaji anayetaka kujua kama apange nyumba ya namna hii ana haki ya kuambiwa. Ninasema apange, lakini kwa masharti yake mwenyewe, si yale ya ukutani peke yake. Kabla ya kuuliza kama baraza linatazama mto, aulize jikoni mna nini. Nyumba yenye bilauri nane za mvinyo na kisu kimoja butu imemdharau mpishi kabla hajafika. Pili, kabla ya kuondoka nyumbani, wanaosafiri wapatane nani atapika siku ipi. Wasipopatana, jambo hilo litakuwa limekwisha kuamuliwa na mazoea, na mmoja wao atasafiri mwendo mrefu kwenda kufanya kazi aliyoiacha nyumbani.

Tatu, wenye nyumba wakumbuke kwamba funguo haziwezi kuwa mwenyeji. Huko Whitby nilikokutaja, mji wa bandari ulio kwenye mdomo wa mto Esk, mwezi Juni 2022 wakazi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya 9 katika kila 10 waliopiga kura walitaka nyumba mpya ziuzwe kwa watu watakaoishi humo muda wote, si za likizo tu. Kura ile haikuwa na nguvu ya sheria, lakini maana yake inaeleweka. Nyumba zikiisha kukodishwa zote, mji hubaki na mandhari bila majirani. Pangani haijafika huko. Kama ingekuwa imefika, moshi wetu usingeonekana na mtu yeyote.

Ninayasema haya nikiwafikiria watu wa kwetu pia. Mwaka 2019 tulipata hifadhi mbili za taifa, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, na tayari wapo wanaozungumzia kujenga nyumba za watalii huko Kyerwa karibu na mto Kagera na juu ya vilima vyetu. Ni jambo jema. Lakini nawaomba wasizitundike nungo na vibuyu vya mama zetu ukutani kisha wakamwacha mgeni na mlinzi. Wala wasidhani kwamba dawa yake ni kurudi kwenye ukarimu ule wa zamani, ambao mzee husema "karibuni" mara moja na mwanamke akaubeba mpaka usiku. Aliye mwenyeji aonekane, na anayepika atajwe, alipwe au asaidiwe.

Asubuhi ya kuondoka nilitaka kuirudisha mbuzi ukutani kama tulivyoikuta. Mke wangu alikataa. Aliiosha, akaianika, akaiacha jikoni karibu na sufuria, chini ya dirisha. Sijui kama mwenye nyumba ameirudisha kwenye misumari yake.

Tulifika Karagwe usiku. Keshokutwa yake tukapata wageni watatu, ndugu zetu kutoka Kyerwa, bila taarifa, kama ilivyo kawaida. Nilisimama mlangoni nikawaambia karibuni sana, nikawatolea akamwani, nikawaketisha. Kisha nikajikuta nimeanza kuketi nao. Nikanyanyuka, nikawaomba radhi kidogo, nikaenda uani kutafuta kisu cha kumenyea ndizi.